Tupime Vizuri, Tuwafuate Mpaka Mwisho: Hotuba Kuhusu Ubora wa Utafiti wa Magonjwa ya Moyo Tanzania

Hotuba hii ilitolewa mbele ya madaktari, wauguzi, watafiti na wanafunzi wa tiba. Tunaiweka yote hapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu siku hiyo. Slaidi zimeachwa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa wizara, wakurugenzi wa hospitali, wakuu wa vyuo, madaktari bingwa, wauguzi, wataalamu wa maabara, watafiti wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliojaa kule nyuma: itifaki imezingatiwa. Habari za asubuhi?

Mimi si daktari wa moyo. Mimi ni mtakwimu. Wagonjwa wenu huwa wananifikia wakiwa namba kwenye faili: umri, jinsia, wilaya, presha ya juu, presha ya chini, jibu la eko, ile picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, na tarehe ya kuruhusiwa. Nimeombwa nizungumzie ubora wa utafiti wa moyo nchini, na nitazungumza kutoka pale nilipo, yaani pale ambapo namba zenu zinapokelewa.

Ndugu zangu, kwenye tiba tumepiga hatua ambayo wazee wetu wasingeiamini. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008. Mwaka 2015 tukapata Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, inayojitegemea. Leo mama wa Kigoma mwenye mtoto aliyezaliwa na tundu kwenye moyo ana mahali pa kwenda bila kutafuta pasipoti. Hilo ni jambo kubwa na linastahili makofi.

Sasa nawauliza: je, utafiti wetu umekwenda kwa kasi hiyohiyo? Makala zimeongezeka, hilo halina ubishi. Lakini tukiulizwa leo, hapa ukumbini, ni Watanzania wangapi walipata shambulio la moyo mwaka jana, nani atanyoosha mkono? Tukiulizwa wangapi kati ya waliolazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi bado wako hai baada ya miaka mitano, nani ana jibu la nchi, siyo la wodi moja?

Ombi langu ni moja. Tufanye tafiti chache zaidi, kubwa zaidi, zinazopimwa vizuri, zinazofuata wagonjwa mpaka mwisho, na tuzifanye kama nchi.

Nianze na kupima. Nataka tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo tunapoharibu mambo mapema.

Nilikwenda kwenye kituo kimoja cha afya kusimamia ukusanyaji wa data, nikakaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa. Akaingia mama mmoja, mnene wa mikono, ametembea kutoka stendi, anahema, kanga ya kichwani imelowa jasho. Akaelekezwa kwenye stuli isiyo na mgongo. Muuguzi akamfunga mkanda wa presha juu ya mkono wa gauni. Mkanda ulikuwa mmoja tu pale kituoni, wa saizi ya kawaida, na sehemu yake ya kunatisha imechoka kiasi kwamba inashikiliwa kwa plasta. Mkono wa mama unaning'inia hewani. Mashine inajaa upepo, na papo hapo anaulizwa jina la mtaa, namba ya simu, jina la ndugu wa karibu, naye anajibu kwa adabu moja baada ya jingine. Ikasoma 158 kwa 96. Kwenye dodoso ikaandikwa 160 kwa 100.

Muuguzi yule simlaumu hata chembe. Alikuwa peke yake, foleni imefika mlangoni, na hakuna aliyemletea mkanda mwingine. Lakini tazameni ile namba. Ndani yake kuna mwendo kutoka stendi. Kuna mgongo usioegemea. Kuna mkono usioshikiliwa. Kuna maneno yaliyosemwa wakati wa kupima. Kila kimoja kati ya hivyo hupandisha presha. Kuna mkanda mdogo kwenye mkono mnene, na utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2023 ulionyesha kwamba mtu anayehitaji mkanda mkubwa kabisa akifungwa ule wa kawaida, presha ya juu husomeka zaidi kwa karibu milimita 20 za zebaki, kile kipimo cha presha. Juu ya hayo yote kuna kalamu iliyokimbilia sifuri. Sasa niambieni, ugonjwa wa mama yule ni kiasi gani katika ile 160?

Nikipokea faili la data, kabla ya hesabu yoyote, naangalia tarakimu ya mwisho ya presha. Mashine ya presha yenye uso wa saa na mshale ina alama kila baada ya milimita 2, kwa hiyo tarakimu ya mwisho inaweza kuwa 0, 2, 4, 6 au 8. Sifuri ingepaswa kutokea kama mara moja katika kila tano. Nimepokea mafaili ambayo sifuri ni zaidi ya nusu. Mashine ya umeme ndiyo usiseme, maana pale sifuri ingepaswa kuwa moja katika kumi, na bado zinakuja zimejipanga: 120, 130, 140, 150. Na mpaka wa ugonjwa ni 140 kwa 90! Aliyekuwa na 136 akisukumwa mpaka 140, tumemfanya mgonjwa kwa kalamu. Akianzishiwa dawa ya maisha, ameanzishiwa kwa kalamu. Halafu tunachukua jumla yake tunaitangaza kuwa ni kiwango cha presha cha mkoa.

Nasema hivi kwa sababu presha ndiyo mlango mkuu wa magonjwa ya moyo kwetu. Utafiti wa TaHeF uliofanyika Muhimbili kwa wagonjwa 427 wenye moyo kushindwa kufanya kazi, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2014, ulikuta presha ndiyo chanzo kwa asilimia 45 yao. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55. Miaka 55! Ulaya ugonjwa huu kwa kawaida ni wa wazee wa miaka 70 na kuendelea. Huku kwetu unamkamata mtu bado anasomesha watoto. Ugonjwa wa namna hiyo hauwezi kupimwa kwa mkanda ulioshikiliwa na plasta.

Kwa hiyo, wanaoandika bajeti za tafiti, nawaomba: kabla ya posho ya warsha, andikeni mikanda ya saizi tatu. Andikeni kiti chenye mgongo na meza ya kuwekea mkono. Andikeni muda wa mgonjwa kupumzika dakika 5 na kupimwa mara mbili au tatu, kwa sababu muda huo ni mshahara wa mtu. Kwenye eko, picha zisomwe na wataalamu wawili, kila mmoja peke yake, na tuseme wazi walitofautiana mara ngapi. Na tafadhali, jina la aliyepima liingie kwenye makala. Tunaorodhesha waandishi 12, wengine hawajawahi kumwona mgonjwa hata mmoja wa utafiti ule, na aliyepima watu 800 hayumo hata kwenye shukrani. Mtu asiyetambuliwa atalinda vipi namba zetu?

La pili ni maswali. Maswali tunayouliza ni ya nani?

Kwa miaka mingi wanafunzi wa tiba Afrika walifundishwa kwamba shambulio la moyo kwa Mwafrika ni nadra, usihangaike nalo sana. Basi wenzetu wa hospitali ya rufaa ya KCMC pale Moshi, wakishirikiana na watafiti kutoka Marekani, wakafanya jambo lililoonekana jepesi. Watu wazima waliofika kitengo cha dharura wakilalamika maumivu ya kifua au kukosa pumzi walipimwa umeme wa moyo, na damu yao ikapimwa troponini, ile protini inayovuja misuli ya moyo inapokufa. Wakakuta zaidi ya mmoja katika kila watano alikuwa na shambulio la moyo. Wengi wao kwenye mafaili waliandikiwa jina jingine: presha, au moyo kushindwa kufanya kazi. Na zaidi ya wanne katika kila kumi wa wenye shambulio lile walifariki ndani ya siku 30.

Ugonjwa tuliosema ni nadra ulikuwa umekaa kwenye benchi letu la dharura. Hatukuwa tumeuliza. Na ukisema ni nadra, huagizi troponini. Usipoagiza troponini, huuoni. Usipouona, unaendelea kuandika kwamba ni nadra. Duara hilo lilivunjwa na watu waliompima kila aliyeingia kwa utaratibu uleule, bila kuchagua nani anafanana na mgonjwa wa moyo.

Mfano mwingine. Mnajua wagonjwa wetu wa valvu, ile milango ya ndani ya moyo inayopitisha damu, hawa walioanza na mafindofindo ya koo utotoni, ikaja homa ya baridi yabisi, na sasa wana miaka 30 na valvu zimekakamaa. Wengi ni akina mama wadogo. Mapigo yao yakivurugika damu inaweza kuganda moyoni, kipande kikasafiri mpaka kichwani wakapata kiharusi. Dawa yetu ya siku zote ya kuzuia damu isigande ni warfarini, na kila mtu humu anajua adha yake: kupima damu mara kwa mara, nauli, kubadili dozi. Kisha zikaja dawa mpya kama rivaroksabani zisizohitaji kupimwa damu kila mara, zilizofanya vizuri kwa wagonjwa wa nchi tajiri, ambao mapigo yao yamevurugika kwa sababu nyingine kabisa. Nani asingezitamani? Mimi mwenyewe ningekuwa na ndugu anayetumia warfarini ningezitamani.

Watafiti hawakukubali kuazima jibu. Kwa utafiti unaoitwa INVICTUS, ambao marehemu Profesa Bongani Mayosi wa Afrika Kusini alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, waliandikisha zaidi ya wagonjwa 4,500 wa valvu kutoka nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini. Matokeo yakatoka mwaka 2022. Waliotumia warfarini walikufa wachache kuliko waliotumia rivaroksabani. Wachache! Tungebadilisha dawa kwa kuiga, tungewapoteza watu tukidhani tunawahurumia.

Sasa fikirini hospitali moja ya Tanzania ingelijibu swali lile peke yake. Ingepata wagonjwa wangapi? 90? 120? Kwa idadi hiyo tofauti ile isingeonekana kabisa, na tungeandika kwamba dawa zote mbili ni sawa. Utafiti mdogo unaweza kukupa jibu la uongo ukiwa umeufanya kwa uaminifu wote.

Na hapa nageukia vyuo, mnisamehe nikigusa palipo na kidonda. Kila mwaka wanafunzi wetu wa shahada ya uzamili ya tiba, wa Muhimbili, KCMC, Bugando, Dodoma, wanaandika tasnifu. Kila mmoja anabuni mada yake, dodoso lake, tafsiri yake ya neno "presha iliyodhibitiwa". Anakusanya wagonjwa kwa miezi michache, anatetea, anafaulu, tasnifu inapanda kabatini. Mwaka unaofuata mwingine anaanza sifuri. Akili ni nyingi, usiku wa kukesha ni mwingi, na vipande vyote hivyo haviunganiki.

Kwa nini wanafunzi 15 wa vyuo vinne wasifanye utafiti mmoja? Swali kuu moja, dodoso moja, namna moja ya kupima. Kila mmoja achukue sehemu yake: huyu wagonjwa wa kisukari, huyu wajawazito, huyu waliokatiza dawa. Kila mmoja ana tasnifu yake halali, na nchi ina wagonjwa 3,000 waliopimwa kwa mkono unaofanana. Hili halihitaji mfadhili kutoka nje. Linahitaji wakuu wa idara wanne wakae meza moja. Wakuu wa idara, baadhi yenu nawaona hapa mstari wa mbele.

Nifike kwenye kufuatilia, jambo ambalo linaninyima usingizi kuliko mengine.

Msaidizi wa utafiti anapiga simu baada ya mwaka mmoja. "Namba unayopiga haipatikani kwa sasa." Anajaribu ya pili. Anapokea shemeji, anasema yule mzee alihamia Rufiji, tangu masika hawajasikiana. Msaidizi anaandika kwenye fomu: hakupatikana. Faili linanifikia mimi, na hesabu inasema: katika waliopatikana, asilimia kubwa wako hai. Kila mtu anafurahi.

Ndugu zangu, nani hapatikani kwa simu? Aliyekufa hapatikani. Aliyezidiwa akarudishwa kijijini kuuguzwa na mama yake hapatikani. Mtu ambaye laini yake imefungwa kwa kuwa hana tena hela ya vocha hapatikani. Wasiopatikana hawafanani na waliopatikana, na ukiwatoa kwenye hesabu umewatoa waliokufa. Kila ninapoona utafiti wa moyo uliopoteza robo ya wagonjwa wake, siamini tena namba yake ya uhai, hata iwe imechapishwa kwenye jarida gani.

Mtasema mazingira yetu hayaruhusu. Nendeni Gulu, kaskazini mwa Uganda, eneo lililopitia vita kwa miaka mingi. Taasisi ya Moyo ya Uganda na washirika wake walipiga eko watoto 102,200 wakitafuta dalili za mwanzo za ugonjwa wa valvu, kabla mtoto hajaumwa. Wakaandikisha watoto na vijana 818, wa miaka 5 mpaka 17. Nusu wakachomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 4 kwa miaka miwili, nusu wakafuatiliwa bila sindano. Mwishoni walioingia kwenye hesabu ni 799. Katika 818, 799! Kwenye kundi la sindano ugonjwa uliendelea kwa watoto 3. Kwenye kundi la pili, watoto 33.

Tatu kwa thelathini na tatu. Jibu safi namna hiyo lilipatikana kwa kuwa watoto hawakupotea. Wangepoteza watoto 200, nani angejua wale 200 walikuwa upande gani? Na dawa yenyewe ni penisilini, ya zamani, ya bei ya chini. Jibu lile la mwaka 2021 limebadilisha mazungumzo ya dunia nzima kuhusu ugonjwa huu, na limetoka kwa majirani zetu, kwenye shule zenye vumbi kama za kwetu.

Nchi zilizotutangulia zilijifunza uvumilivu huu mapema. Mwaka 1948 huko Framingham, mji wa Massachusetts, Marekani, waliandikishwa watu 5,209, wakawa wanaitwa kupimwa kila baada ya miaka miwili. Baadaye wakaandikishwa watoto wao, kisha wajukuu. Sehemu kubwa ya yale mnayomwambia mgonjwa leo kuhusu presha, lehemu na sigara ilijulikana kwa sababu watu wa mji mmoja hawakuachwa. Wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Wagonjwa wetu wa moyo hawana daftari. Kila hospitali ina lake, na mgonjwa akipewa rufaa kutoka Mbeya kuja Dar es Salaam anakuwa mtu mpya, mwenye namba mpya, kana kwamba amezaliwa mapokezi.

Kwa hiyo tunahitaji rejista moja ya taifa ya wagonjwa wa moyo. Ianze na hospitali chache za rufaa zilizo tayari. Iwe fupi, kwa sababu fomu ndefu haijazwi saa tisa usiku. Mgonjwa awe na namba moja popote aendapo. Ziandikwe simu tatu, siyo moja, na jina la mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Iwepo bajeti ya pikipiki, kwa sababu kuna watu ambao utawapata kwa kwenda kubisha hodi tu. Na siri ya mgonjwa ilindwe kwa kanuni zilizoandikwa na kusimamiwa. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ipo kwa sheria ya Bunge tangu mwaka 1979, na uzoefu wa kusimamia tafiti na maadili yake tunao. Hatuanzi kwenye jangwa.

Fedha? Nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana zamani kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti na maendeleo. Tufike huko, Mheshimiwa mgeni rasmi, na hili naliomba nikikutazama wewe. Anayelipia ndiye anayechagua swali. Mfadhili wa nje anakuja na swali zuri, lakini mara nyingi linaisha mradi ukiisha, miaka mitatu, na gari linarudishwa. Rejista haiwezi kuishi kwa miradi ya miaka mitatu.

Na matokeo yarudi kwa wenyewe. Mzee aliyetoa damu Bagamoyo ana haki ya kusikia, kwa Kiswahili, kwenye mkutano wa kijiji, tulichokikuta. Hata kama tulichokikuta ni kwamba dawa haikusaidia. Tafiti zisizoleta jibu tulilolitamani nazo zichapishwe, na kila jaribio la tiba lisajiliwe kabla mgonjwa wa kwanza hajaandikishwa, ili mtu asibadilishe swali baada ya kuona jibu. Hilo silirefushi, wahariri wa majarida mliomo humu mnajua ninachosema.

Rasimu ya fomu ya rejista iko pale mezani mlangoni, kurasa mbili. Saa nane mchana, baada ya chakula, tutakutana ukumbi mdogo tuipitie kipengele kwa kipengele. Wauguzi na wahudumu wa masjala ya mafaili, nawahitaji nyinyi kuliko maprofesa, kwa sababu nyinyi ndio mtakaoijaza. Njooni na kalamu, mkate kila mnachojua hakitajazika, na wale mnaotoka hospitali ambazo ziko tayari kuanza na wagonjwa 50 wa kwanza, andikeni jina la hospitali na simu ya atakayesimamia kwenye karatasi ile ya njano.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.